Kabla hujapanda boti kumfuata kereng'ende wa Pemba

Safari yangu ya kwanza Pemba nilikwenda na kamera ya kuazima na haraka ya mtu wa Moshi aliyezoea kuwahi basi. Siku mbili nikapanda na kushuka kijito, nikaambulia picha za majani. Mzee aliyenipeleka msituni alinivumilia weee, mwisho akasema, "Kaa kitako, bwana. Mdudu huyo hafukuzwi."

Niliyemfuata ni kereng'ende mwembamba kama njiti ya kiberiti. Wanasayansi walimwandika rasmi mwaka 2007 wakamwita Platycnemis pembipes, na kokote duniani hajulikani ila Pemba. Kinachoshangaza ni ukoo wake: ndugu zake wa karibu hawapo huku bara, wapo Madagaska, zaidi ya kilomita 1,000 baharini. Inadhaniwa mababu zake waliletwa na upepo. Ukimwona anavyoyumba hewani kama uzi, unabaki kucheka tu.

Basi kabla hujateketeza nauli, jifunzie hapahapa. Mimi nilijifunzia kwenye mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, unaopita chini ya migomba yetu Kibosho, huku Moshi. Nenda saa nne, jua likishapenya. Mapema zaidi baridi huwa haijawatoka. Keti, kivuli chako kisiguse maji. Wale wakubwa wakitua huacha mbawa wazi. Hawa wembamba wengi huzikunja mgongoni. Akiruka usimfuate, mara nyingi hurudi pale pale.

Jumamosi moja niliona dume amemshika jike shingoni kwa ncha ya mkia, na jike anatoboa bua la nyasi, anaweka yai, anasogea kidogo, anatoboa tena. Nilikaa hadi miguu ikafa ganzi.

Wiki iliyofuata ukawa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kusafisha mfongo. Nilifyeka kingo zote kwa panga langu mwenyewe, nyasi zile zikaliwa na mbuzi. Miezi miwili sikuona kereng'ende hata mmoja. Kwetu walirudi, maana mifongo ya jirani ipo. Wa Pemba atarudi akitokea wapi?

Kwa hiyo ukifika kule, usimruhusu mtu akufyekee kichaka ili upate picha safi, wala usikoroge kijito kwa mabuti. Watoto wake huishi majini, na tope likiwajaa kwenye matamvua ya mkiani wanayopumulia hupumua kwa taabu.

Msaragambo uliopita niliomba ukingo mmoja uachwe. Baba mdogo aliuliza nyoka watamwuma nani. Tumekubaliana mita kumi.