Weka funguo chini

Rafiki yangu figo zilipogoma, mimi ndiye niliyeshika mchango. Kazi hiyo naiweza. Nilifungua kundi la WhatsApp, nikapanga majina, waliochelewa nikawachokoza kwa utani mpaka wakatoa, na siku ya nne tukawa tumevuka lengo. Bahasha niliipeleka hospitali mwenyewe. Nilikaa kando ya kitanda kama dakika 20 hivi, nikasoma Zaburi, nikaomba, nikaaga. Sitaficha: nilitoka mle nikijiona Mkristo wa maana.

Miezi ilipita. Alikwisharudi nyumbani ndipo mkewe akanitajia jambo, tena bila hasira, kama mtu aliyelikumbuka akiwa anakunja nguo. "Shemeji, siku ile hospitali ulikaa na funguo za gari mkononi tangu umeingia mpaka umetoka. Mwenzio alikuwa anaziangalia hizo funguo. Alitaka kukwambia anaogopa kufa, akaona una haraka."

Nilikosa la kusema. Nina mazoea ya kuzizungusha kidoleni kichwa kikiwa na mambo, na ninavyojijua, hata wakati wa Zaburi zilikuwa zinalia.

Nawaandikia watu wa aina yangu. Sadaka inatoka, simu ya pole inapigwa, maombi yanaombwa kweli wala si ya kujionyesha. Lakini mwili uko mlangoni. Na mgonjwa ni hodari wa kusoma mwili wa mgeni wake. Pale kitandani hana kazi nyingine.

Baada ya maneno yale nilirudi Mathayo 25, sura niliyokwisha kuifundisha kanisani zaidi ya mara moja, nikaona kitu nilichokuwa nakiruka. Mwenye njaa alipewa chakula, mwenye kiu akanyweshwa, aliye uchi akavikwa. Hao haja yao iliisha. Kisha yanakuja haya: "nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama, nalikuwa kifungoni, mkanijia." Hasemi mkaniponya. Hasemi mkanitoa jela. Mgonjwa anabaki mgonjwa, mfungwa anabaki ndani, na bado Bwana anaihesabu ile safari. Kwa mtu wa kutatua mambo kama mimi maneno hayo yanauma, maana yanasema uko upendo usiotengeneza chochote.

Sisemi pesa hazina kazi. Dawa hainunuliwi kwa huruma, na Yakobo hana subira na mtu anayemwambia ndugu asiye na nguo wala riziki "mkaote moto na kushiba" halafu anakwenda zake. Aliyepungukiwa kodi ya nyumba usimpelekee sura yako, mpelekee kodi. Ninachosema ni kwamba kwangu mimi ile bahasha ilikuwa imeninunulia ruhusa ya kuondoka.

Aliyenifundisha kukaa ni mama mmoja mzee wa kanisani kwetu, ambaye mpaka siku ile nilikuwa nikimwamkia tu tukitoka ibadani. Baba yangu alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilala wote, na maneno yakawa hayatoki ila mawili matatu. Wageni walikuja wengi, Mungu awabariki, na kila mmoja alikuja na kitu mdomoni: daktari anayemjua, dawa iliyomponya shangazi wa fulani, mstari wa Biblia. Yule mama alimsalimia baba, akamtazama kitambo, kisha akaniomba beseni la maji ya vuguvugu, sabuni, taulo mbili na kikata kucha.

Mkono uliolala ulikuwa umejikunja ngumi. Akauloweka. Akaanza kuufungua, kidole kimoja kimoja, bila kulazimisha. Kikigoma anakiacha majini, anahamia kingine. Kiganja kilipofunguka kilitoa harufu ya jasho la siku nyingi, na kucha zilikuwa zimeacha alama kwenye ngozi. Wiki tatu nilikuwa nalala chumba kile. Vipimo vya presha yake nilikuwa nimevikariri asubuhi na jioni, lakini kiganja cha baba yangu sikuwa nimekiona. Mama yule aliosha, akakausha katikati ya vidole, akakata kucha, na muda wote huo alikuwa akimpa baba habari za kwaya: nani alipotea kwenye ubeti wa pili, mwalimu alivyokunja uso, waimba sauti ya nne walivyojifanya hawakusikia. Baba akacheka kwa nusu ya mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu augue.

Ilichukua karibu saa nzima. Hakuomba kwa sauti. Alipoondoka aliacha taulo moja dogo limeviringishwa ndani ya kiganja, kucha zisije zikarudi kuchoma.

Watu wakisoma Yohana 13 hukimbilia miguu. Mimi siku hizi husimama kwenye maneno yanayotangulia: "akaweka kando mavazi yake." Kabla ya maji na kitambaa kuna kitu kilivuliwa. Kujitoa, kwa kadiri ninavyoelewa, kunaanzia hapo, kwenye kile unachokiweka chini ili mikono ibaki mitupu. Kwa wengine ni muda. Kwangu ilikuwa hamu ya kuonekana nimesaidia, na nakiri kwamba muda ulikuwa rahisi zaidi kuutoa.

Rafiki za Ayubu walianza vizuri kuliko wengi wetu. Waliketi naye chini siku 7, mchana na usiku, bila mtu kumwambia neno. Kilichowashinda ni pale Ayubu mwenyewe alipofungua kinywa akailaani siku aliyozaliwa. Hawakuvumilia, wakaanza kumweleza, na maelezo yakaenda sura baada ya sura, mpaka mwisho wa kitabu Mungu anasema amewakasirikia. Kuvumilia kimya cha mwenzako kuna ugumu wake, lakini kuvumilia kilio chake kinachosema mambo yasiyo ya kanisani kuna ugumu zaidi. Nimesikia mjane akisema Mungu ni mwizi. Sikumjibu. Mungu hakuniomba nimtetee.

Halafu kuna Bethania. Yesu alijua anachokwenda kufanya kaburini. Alikuwa amekwisha kuwaambia wanafunzi kwamba anakwenda kumwamsha Lazaro. Mwenye jibu mkononi namna hiyo angeweza kumwambia Mariamu nyamaza, subiri uone. Yeye alilia kwanza. Sisi tusioweza kumfufua hata sisimizi ndio tuna haraka ya kuwaambia wafiwa wasilie.

Utaniuliza, sasa ukifika ufanyeje? Simu izimwe kabla hujaingia, si baada ya kuita. Tafuta kiti, maana ukisimama mgonjwa anakutazama kama mtoto anavyomtazama mtu mzima. Acha ile "ukiwa na shida yoyote niambie". Unampa aliyelemewa kazi nyingine ya kutafuta shida ya kiwango chako na kujasiri kuomba. Sema, "Jumanne nitawachukua watoto shuleni, nitawaleta jioni." Akikataa, amekataa. Ukiuliza "unaendeleaje" utapata jibu lililokwisha kukaririwa, namshukuru Mungu. Uliza usiku ulikuwaje. Hapo mtu huanza kusema. "Ni mapenzi ya Mungu" mwachie mchungaji, na hata yeye asiitoe mapema.

Na rudi. Wiki ya kwanza nyumba hujaa hata pa kukaa hakuna. Mwezi wa tatu ndipo mfiwa anapobaki na kimya cha nyumba nzima, na ndipo wengi wetu tunapokuwa tumekwisha kumwombea na kumsahau. Ukienda wakati huo, mtaje marehemu kwa jina. Usiogope kumkumbusha, hajasahau.

Tunapenda hadithi za kujitoa zenye tukio moja kubwa. Maximilian Kolbe, padri kutoka Poland, mwaka 1941 katika kambi ya Auschwitz alijitokeza afe badala ya mfungwa mwenzake mwenye mke na watoto. Mwenzake huyo, Franciszek Gajowniczek, aliishi mpaka 1995. Nikisoma hayo nanyamaza. Lakini hunipa pia mahali pa kujificha: mimi sitaombwa jambo kama hilo, kwa hiyo naweza kujidanganya kwamba ningekubali. Anayenisumbua hasa ni Padri Damien, Mbelgiji aliyekwenda kisiwa cha Molokai, Hawaii, mwaka 1873 kukaa na wagonjwa wa ukoma waliokuwa wametengwa huko. Miaka karibu 16. Kufunga vidonda, kutengeneza majeneza, kuchimba makaburi, na kesho tena. Tangu mwaka ule wa kwanza, akihubiri, alikuwa akisema "sisi wenye ukoma," na yeye hakuwa nao. Baadaye aliupata, ukamuua mwaka 1889. Huyu uhai wake aliutoa kidogo kidogo, siku za kawaida, na sidhani kama kila asubuhi aliamka na hamu ya kuutoa.

Sasa upande wa pili, maana nao nimeukosea. Baada ya mambo ya funguo nilizinduka mpaka nikapitiliza. Kila mgonjwa, kila msiba, kila mkesha, nilikuwepo, na watu wakaanza kunisifu, jambo lililozidisha ugonjwa. Jioni moja nikiwa navaa viatu nikamsikia binti yangu mdogo akimjibu mtu kwenye simu: "Baba hayupo. Labda uugue."

Nilikaa na kiatu kimoja mguuni. Nilidhani najitoa mimi, kumbe nilikuwa nawatoa wao, tena bila kuwauliza. Mke wangu alikuwa amebeba nyumba peke yake karibu mwaka mzima, na sifa nachukua mimi.

Msamaria wa Luka 10 alimfunga yule mtu majeraha, akamfikisha nyumba ya wageni, akamuuguza, na siku ya pili akampa mwenye nyumba dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Akaendelea na safari yake. Hakuhamia pale. Alimwachia mtu mwingine nafasi ya kuhudumia, na hilo nalo lataka unyenyekevu, kwa sababu ukikabidhi unakubali kwamba mgonjwa anaweza kupona bila wewe. Paulo katika Wagalatia 6 anasema tuchukuliane mizigo, na mistari mitatu mbele anasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Zamani niliona anajipinga. Siku hizi Jumapili jioni mimi na mke wangu tunakaa tunapanga juma letu, nani aende wapi, na akisema hapana, ni hapana.

Jambo moja nilitaje haraka. Kama anayekudai ujitoe ni mtu anayekupiga, siyo hili ninalolizungumzia. Ondoka, tafuta msaada. Anayekwambia ngumi za mwenzako ndizo msalaba wako amekudanganya.

Rafiki yangu sasa husafishwa damu mara 3 kwa juma, karibu saa 4 kila safari. Alhamisi ni zamu yangu. Koti nalitundika mlangoni, funguo zikiwa mfukoni, kisha navuta kiti upande usio na mirija. Mara nyingi hatuna la kuzungumza. Anasinzia, mashine inapiga mlio, muuguzi anakuja kuitazama, nami nasoma gazeti moja mara tatu. Kuna Alhamisi ambazo sitaki kwenda kabisa, na nikifika bado sitaki.

Juzi nilijipa moyo nikamuuliza juu ya ile hofu aliyotaka kuniambia siku ile.

"Ile ilishapita," akasema. "Sasa nina nyingine."

Nikamwambia tuna saa mbili na nusu. Akacheka, akajisogeza kidogo kwenye mto, akaanza.