Mwanangu, kuhusu sala ya mezani

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unasema mjukuu wangu amegoma kusali kabla ya kula. Eti unga kanunua baba, mboga kapika mama, sasa Mungu anashukuriwa kwa lipi? Na wewe unaniuliza umlazimishe au umwache. Kwanza nilicheka peke yangu kama kichaa. Kisha nikanyamaza, maana mtoto hajasema upuuzi. Amewataja watu wawili ambao sisi wakubwa tukishafumba macho huwa tunawaruka.

Msimamo wangu unaujua, nimeusema hadi mkanichoka: anayeshindwa kumwambia asante mtu aliye mbele yake, asante yake kwa Mungu ina walakini. Yohana aliandika kwamba asiyempenda ndugu yake anayemwona hawezi kumpenda Mungu asiyemwona. Sioni kwa nini shukrani iwe na njia nyingine.

Unaikumbuka mvua ya El Nino, mwisho wa 1997? Pengine wewe unakumbuka matope ya mtaani kwetu Kirumba, Mwanza, tu, na jinsi mlivyokuwa mkiteleza kwenye mawe. Mimi nakumbuka dagaa. Baba yako alikuwa amerudi kutoka Ukerewe na mzigo wa giza zima, maana mbalamwezi ikitoka dagaa hawafuati taa na wavuvi hulala. Mafuta ya karabai yalikuwa ya mkopo. Jua likiwaka vizuri, dagaa ni siku moja wamekauka. Lakini jua liko wapi? Tunaanika, mvua. Tunaanua, tunaanika tena, mvua. Mwishowe wakabadilika rangi, wakanuka mtaa mzima, wale wanunuzi wa Kongo pale sokoni Mwaloni hawakutaka hata kuwashika. Tukawauzia wafuga kuku kwa bei ya kutupa, na deni likabaki palepale.

Basi jioni moja yule mama jirani, wa upande wa msikitini, akaleta beseni la udaga, unga wa muhogo, na vipande vya sangara wa kukaanga. Hakuuliza kitu. Nikasonga ugali, yeye akabaki amesimama mlangoni akisubiri beseni lake, kwa kuwa alikuwa nalo hilohilo moja. Baba yako akafumba macho.

Mwanangu, ile sala! Alishukuru kwa uzima, kwa kutolewa ziwani salama, kwa viongozi wa nchi, kwa mvua (kwa mvua, jamani!), kisha kwa chakula hiki "ulichotupatia kwa mkono wako mwenyewe". Mkono wenyewe ulikuwa umeshika fremu ya mlango. Aliposema Amina, yule mama, Mwislamu, akaitikia Amina kwa sauti kuliko sisi sote. Baba yako akamega tonge. Hakugeuza hata shingo.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Aliyeinuka ni bibi yenu. Akaliosha beseni, akaingia chumbani, akatoka na michembe yake ya Misungwi, vile viazi vitamu vya kukaushwa, ile aliyokuwa akituficha sote. Akatia humo, maana chombo cha jirani hakirudi kitupu, akamkabidhi kwa mikono miwili huku amepiga goti. Mzee vile, na magoti yake yale! "Wabeja, mayu." Asante, mama, kwa Kisukuma. Basi. Yule mama aliondoka anafuta macho kwa ncha ya khanga.

Najua utamtetea baba yako, nyinyi wote mnamtetea. Na haki anayo. Tangu meli ya MV Bukoba izame Mei 1996, sala zake zilirefuka. Mwanza nzima ilikuwa na msiba, huku kanisani benchi moja anakaa aliyekosa nafasi melini akamshukuru Mungu, na nyuma yake amekaa aliyempoteza mume. Mtu anayelala ziwani usiku wa giza hawezi kusali kifupi, hilo nalielewa. Tena miaka yote baada ya hapo, akirudi kutoka visiwani, kifuko cha kwanza cha dagaa kilikwenda kwa yule mama. Hakutuma maneno, alituma dagaa. Je, hiyo si shukrani? Ni shukrani. Sikatai. Lakini yule mama alikuwa na masikio, na jioni ile yalikuwa wazi.

Ninachofikiri, na usimwambie, yuko hapo nje na redio yake, ni kwamba kumshukuru Mungu kulikuwa rahisi zaidi. Mungu hasimami mlangoni akingoja beseni. Mungu hukutani naye bombani kesho asubuhi, naye anajua ulichokula jana. Jirani ukimshukuru umekiri mbele yake kwamba hukuwa na kitu, na mwanamume wa ziwani afadhali alale njaa. Au labda namwonea. Labda alifumba macho kweli na hakumwona pale. Mara nyingine naamini hivyo, halafu nakumbuka ile "mkono wako mwenyewe", moto unaniwaka upya.

Usinielewe vibaya, sala ya mezani sijaifuta. Hapa kwangu hakuna anayegusa sahani kabla ya Amina, hata chai na kiporo. Unga ununuliwe na nani, mvua hainunuliwi, na uzima wa kuamka ukaenda kazini hauuzwi sokoni Kirumba. Hilo mjukuu wangu atalijua akikua, hata akiwa mbishi kama mama yake.

Sasa umlazimishe au usimlazimishe, hilo ni la kwako na mkwe wangu. Meza ni yenu. Jibu ninalo, nimeliuma kwa meno na linaniwasha ulimi. Ila kabla hujaniuliza tena, niambie kitu kimoja: siku hiyo mtoto alipogoma, huyo baba aliyenunua unga, kuna aliyemwambia asante? Na wewe uliyesimama jikoni, nani alikushukuru?

Mama yako