Mtoto wa miaka 3 kagoma kulala mchana

Dada, umeuliza kama umlazimishe mwanao wa miaka 3 kulala mchana, maana siku akilala basi usiku anaruka ruka kitandani mpaka saa 5. Usimlazimishe bwana. Umri huo wengi ndo wanaanza kuacha, wengine wanafika hadi miaka 5, cha kuangalia ni jumla ya siku nzima, wa miaka 3 mpaka 5 anatakiwa apate masaa 10 hadi 13 ukijumlisha na ya mchana, sasa kama usiku anapiga masaa 11 mchana unamdai nini tena? Ila akifika jioni analia lia hovyo, anasinzia na kijiko mdomoni, huyo bado anahitaji, mlaze saa 7 akishakula, shusha pazia, zima tivii, na umuamshe kabla ya saa 9. Wangu nilikuwa namuacha mpaka saa 11 jioni nikidhani napumzika kumbe najipalia makaa, usiku namsimulia sungura na fisi mara nne na macho makavu!

Na hicho kichwa kizito unachosema unaamka nacho ukijilaza nae mchana, ni kwa sababu unapitiliza. Tega alamu dakika 20 tu, ukienda lisaa unakurupuka katikati ya usingizi mzito.

Na huyo paka wako unayeuliza mbona analala kutwa, muache alale zake, masaa 12 hadi 16 kwa siku kwake kawaida, wanachangamka alfajiri na magharibi. Labda aanze kususa chakula, hapo mpeleke kwa daktari wa mifugo.