Alikufa na korona au alikufa kwa korona? Nilikuwa naviingiza hivyo vyeti

Mkuu, umeuliza matatu kwa mpigo: kama takwimu za korona zilipikwa, kwa nini mwanzoni tuliambiwa wanakufa watu 3.4 kwa kila mia halafu namba ikashuka mno, na kama ni kweli waliokufa kwa korona "yenyewe" walikuwa asilimia 6 tu. Nitajibu kwa niliyoyaona. Mwaka 2020 na 2021 nilikuwa idara ya kumbukumbu hospitalini. Kazi yangu ilikuwa kupokea vyeti vya sababu ya kifo kutoka kwa madaktari, kuvipa msimbo na kuviingiza kwenye kompyuta. Mimi si daktari. Ila namba mnazobishania zilianzia kwenye meza kama yangu.

Nianze na hiyo asilimia 6, maana ndiyo iliyonigombanisha na shemeji yangu karibu mwaka mzima. Ilitoka Marekani, Agosti 2020. CDC, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, ilitoa jedwali lililoonyesha kwamba katika kila vyeti 100 vya vifo vya UVIKO-19, kama 6 hivi vilitaja ugonjwa huo peke yake. Mitandaoni ikageuka: basi 94 waliobaki walikufa kwa mambo mengine.

Sasa kitazame cheti chenyewe. Kina sehemu mbili. Ya kwanza ina mistari, na daktari anaanza juu na kile kilichommaliza mgonjwa, kisha anashuka akijiuliza: hiki kilisababishwa na nini, na hicho nacho je? Mstari wa chini kabisa ndio chanzo. Sehemu ya pili ni ya maradhi yaliyochangia lakini hayamo kwenye mnyororo huo. Vyeti vingi vya kipindi kile vilisomeka hivi: juu, mapafu kushindwa kazi, chini yake, nimonia, chini yake tena, UVIKO-19. Sehemu ya pili: kisukari, shinikizo la damu. Hapo una mambo matano kwenye karatasi moja. Kwa hesabu ya shemeji, huyu hakufa kwa korona kwa kuwa nimonia nayo imetajwa. Hiyo nimonia ilitoka wapi? Aliyegongwa na lori cheti chake kitaandikwa alivuja damu, na hakuna anayesema lori halikuhusika. Kusema kweli, cheti kilichoandikwa UVIKO-19 tupu bila kingine ndicho kilichonitia shaka mimi. Mara nyingi kilikuwa kimejazwa na mtu aliyekesha, anayetaka kwenda kulala.

Ila shemeji naye alikuwa na hoja, na nilichelewa kuikubali. Waliokufa na virusi bila kuuawa na virusi walikuwepo kweli. Uingereza kwa muda walikuwa wakimhesabu yeyote aliyewahi kupimwa akakutwa navyo, hata kama alipona akafa miezi baadaye kwa jambo jingine. Agosti 2020 wakaweka kikomo cha siku 28 tangu kipimo, na jumla yao ikapungua kwa zaidi ya 5,000 siku hiyohiyo. Hakuna aliyefufuka. Peru ikawa kinyume: mwisho wa Mei 2021 walipitia upya vigezo vyao, na vifo kutoka kama 69,000 vikapanda hadi zaidi ya 180,000. Wengi walikuwa wamefia pasipo kipimo, kwa hiyo kwenye hesabu ya kwanza hawakuwemo.

Hata sisi mezani tulikuwa na misimbo miwili kutoka Shirika la Afya Duniani: U07.1, virusi vimethibitishwa kwa kipimo, na U07.2, daktari anaona dalili zote ila kipimo hakipo au hakikuthibitisha. Siku moja nilipigiwa simu: "Jana wangapi?" Nikamuuliza, wa msimbo upi? Akaona namletea dharau, akakata. Sijui aliandika namba gani.

Hiyo 3.4 nayo, aibu ni yangu. Tarehe 3 Machi 2020 mkuu wa WHO, Tedros, alisema kwamba duniani kote karibu asilimia 3.4 ya wagonjwa *walioripotiwa* walikuwa wamefariki. Mimi nikamwambia shemeji kwamba katika kila mia tutakaoambukizwa, watatu na ushee watakufa. Si kitu kimoja. Walioripotiwa wakati ule walikuwa zaidi wale waliozidiwa wakafika hospitali. Aliyekohoa siku mbili nyumbani akapona hakuwa kwenye daftari la mtu yeyote. Ukigawa vifo kwa wachache hao, lazima jibu liwe kubwa. Kwenye meli ya Diamond Princess, ambako karibu kila mtu alipimwa, kati ya watu 3,711 walikutwa na virusi 712, wengi bila dalili yoyote, na waliokufa hawakufika 15. Hiyo ni kama asilimia 2, tena kwenye meli iliyojaa wazee.

Na hapo kwenye wazee ndipo ugomvi wetu ulipokuwa, bila sisi kujua. Uchambuzi wa tafiti za nchi nyingi uliotoka mwisho wa 2020, kabla chanjo hazijasambaa, ulikadiria kwamba kwa mwenye miaka 25 anakufa kama mmoja kati ya walioambukizwa 10,000. Miaka 55, wanne kati ya 1,000. Miaka 75, kama 46 kati ya 1,000. Miaka 85, 15 kati ya mia. Shemeji ana thelathini na kitu. Aliposema "hatari yake ndogo" alikuwa anajiongelea yeye. Mimi niliposema "huu ugonjwa unaua" nilikuwa namwongelea mama mkwe, yaani mama yake mzazi, aliyekuwa ameshapita 70. Tumetukanana wee, kila mtu akiwa na namba sahihi ya mtu tofauti.

Zilipikwa? Kwenye meza yangu hakuna aliyeniambia ongeza au punguza. Nilichokiona ni uchovu na ucheleweshaji. Cheti kisichosainiwa Ijumaa jioni kinalala hadi Jumatatu, Jumanne redio inatangaza vifo vimeongezeka maradufu. Uingereza, mwanzoni mwa Oktoba 2020, majibu 15,841 ya waliokutwa na virusi yalikuwa hayajaingia kwenye hesabu kwa sababu faili la Excel la muundo wa zamani lilijaa, mistari iliyozidi ikaachwa nje. Ukitafuta njama hapo utachoka.

Kipimo ninachokiamini zaidi hakihitaji cheti kusema korona. Unahesabu waliokufa wote, kwa sababu yoyote, unatoa idadi ambayo ingetarajiwa kwa miaka ya kawaida. Kwa njia hiyo WHO walikadiria vifo vya ziada milioni 14.9 kwa 2020 na 2021, wakati vilivyoripotiwa kuwa vya UVIKO-19 vilikuwa kama milioni 5.4. Humo wamo pia waliokosa kitanda kwa sababu wodi zilijaa, kwa hiyo si virusi pekee, na ni makadirio: wenyewe walisema kati ya milioni 13.3 na 16.6. Lakini ukiitazama hata ile ya chini, hoja ya asilimia 6 haina pa kusimama. Shemeji aliikubali hii. Kuhusu kufunga shule bado tunabishana, na huko vyeti vyangu havinisaidii.

Ukitaka kukagua mwenyewe, tafuta nchi inayotoa vifo vyote kwa wiki na kwa rika, ulinganishe na 2015 hadi 2019. Wiki tatu nne za mwisho kwenye jedwali ziache. Zitaonekana zimeshuka, kumbe vyeti vyake bado viko mezani kwa mtu.