Kabla ya Kusema Ali Angempiga Tyson, Sema ni Ali wa Usiku Gani

Jumapili moja kwa kinyozi, hapa Bondeni, Nakuru, nilimpigia kelele mzee wa umri wa babu yangu. Ubishi ulikuwa wa mabondia wawili wa uzani wa juu wasiowahi kukutana, Joe Louis wa zamani na Mike Tyson wa miaka ya 1980: nani angempiga mwenzake? Yeye alikuwa upande wa Louis, mimi wa Tyson, na kila alipofungua mdomo nilimkatiza: "Mzee, huyo Louis wako alipigana na nani?" Vijana wakanishangilia. Mzee akachukua kofia yake, akasema, "Kijana, wewe unajua majina, hujui ndondi," kisha akaenda zake. Majuma manne hatukumwona.

Neno lile liliniuma kwa sababu lilikuwa kweli. Tyson nilikuwa nimemwona kwa vipande vifupi vya simu, vyote vikiishia mtu yuko chini. Louis sikuwa nimemtazama hata raundi moja. Nikaanza kutazama mapambano mazima, kengele hadi kengele, usiku nikitoka kazini, na daftari mkononi. Ninayoandika hapa nimeyatoa humo, na ni kwa yeyote anayeupenda ubishi huu kama mimi.

Anza na usiku. Usiseme "Muhammad Ali", sema Ali wa lini. Yule aliyemmaliza Cleveland Williams kwa raundi tatu huko Houston, Novemba 1966, alikuwa na miaka 24 na miguu ambayo sijaiona kwa mtu mwingine wa uzani huo. Mwaka uliofuata alinyang'anywa leseni kwa kukataa kwenda jeshini, akakaa nje miaka mitatu na nusu. Aliyerudi mwaka 1970 alikuwa bondia mwingine: mzito zaidi wa miguu, mgumu zaidi wa moyo. Na yule ambaye kona yake, yaani wasaidizi wake, ilimkalisha asiendelee baada ya raundi ya kumi mbele ya Larry Holmes, mwaka 1980, alikuwa na miaka 38 na hakupaswa kuwa ulingoni kabisa. Hao ni watu watatu. Vivyo hivyo, anayekuambia Rocky Marciano alimzima Joe Louis hasemi uongo, ilitokea Oktoba 1951, raundi ya nane. Lakini Louis alikuwa na miaka 37 na ubingwa alikwisha kuuacha. Ukitaka kumjua Louis, tazama Juni 1938, alipomrudia Max Schmeling aliyekuwa amempiga miaka miwili nyuma. Hawakumaliza raundi ya kwanza.

Kosa linaloharibu ubishi mwingi zaidi ni hesabu ya fulani kampiga fulani. Mimi mwenyewe niliitumia miaka. Tazama inavyovunjika. Machi 1973 Ken Norton alimvunja Ali taya na kumshinda kwa pointi. Mapema mwaka huohuo, Kingston, Jamaika, George Foreman alimwangusha Joe Frazier mara sita katika raundi mbili, Frazier yuleyule aliyekuwa amemshinda Ali mwaka 1971. Machi 1974, Caracas, Foreman akammaliza Norton pia kwa raundi mbili. Kwa hesabu hiyo Ali alikuwa anamfuata Foreman Kinshasa ili akauawe. Tarehe 30 Oktoba 1974 akamzima Foreman katika raundi ya nane. Pambano lilianza alfajiri kule, huku kwetu jua likikaribia kuchomoza, na mzee yule wa kwa kinyozi husema habari aliipata redioni kabla ya chai na hakuiamini hadi jioni.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Frazier alikuwa anamwendea mtu kwa kifua, akiinama, na Foreman alikuwa na makonde ya kutoka chini yanayomngoja mtu wa namna hiyo. Ali hakumwendea. Aliegemea kamba, akaikinga mbavu, akamkamata shingo kila alipokaribia, akamwacha achoke. Mtindo ndio ulioamua. Kwa hiyo ukitaka nikusikilize, usinipe orodha ya waliopigwa. Niambie raundi tatu za kwanza zitakwendaje: nani anashika katikati ya ulingo, nani anarudi nyuma, na anarudi upande gani.

Uzito nao una mitego pande zote mbili. Marciano alistaafu na ushindi 49 bila kupoteza hata pambano moja, lakini alipanda ulingoni akiwa na kilo 84 au 85. Leo mpaka wa uzani wa "cruiser", ulio chini ya uzani wa juu, ni kilo 90.7, kwa hiyo angekuwa humo na bado ana nafasi ya kula. Ukimsimamisha mbele ya Lennox Lewis wa sentimita 196, mimi nahofia maisha yake. Lakini kabla hujasema wakubwa wa leo wangewameza wote wa zamani, kumbuka Oleksandr Usyk. Alitoka uzani huohuo wa chini, na Desemba 2024 akamshinda Tyson Fury kwa mara ya pili huku Fury akimzidi kwa zaidi ya kilo 20. Sheria pia zitaje mapema: mataji yalikuwa ya raundi 15 hadi miaka ya 1980 yalipopunguzwa kuwa 12.

Kompyuta isikutishe. Mwaka 1969 Marciano na Ali walirekodiwa wakiigiza pambano, miisho kadhaa ikachukuliwa, na kompyuta ikaamua Marciano ashinde kwa nokauti raundi ya 13. Watazamaji wa Ulaya wakaonyeshwa mwisho ambao Ali ndiye mshindi. Marciano hakuona hata mmoja, alikufa kwa ajali ya ndege Agosti mwaka huo.

Kilichonifundisha kuliko video ni kusimama kando ya ulingo. Mji huu ndio wa Philip Waruinge, aliyepata shaba Mexico 1968 na fedha Munich 1972, na ukumbi wetu wa ndondi unaitwa Madison Square Garden kama ule wa New York. Nenda jioni moja ukatazame mfupi akifanya mazoezi na mrefu. Utaona urefu unafaa pale tu mkono wa kushoto unaporudi haraka na kukinga uso. Ukichelewa, mfupi yuko ndani tayari. Baada ya hapo utamtazama Buster Douglas akimpiga Tyson, Tokyo 1990, na utaona kushoto kule kulivyofanya kazi raundi kwa raundi.

Nilimfuata mzee nyumbani nikamwomba radhi. Akanikaribisha chai, akaniuliza, "Ali wako wa 1966 na Tyson wa 1988, nani?" Nikamwambia Ali: mikono mirefu zaidi, miguu ya kumtoa Tyson pumzi hadi raundi ya tano, na shingo angemshika kama alivyomshika Foreman. Akatikisa kichwa. Henry Cooper alimwangusha Ali kwa konde la kuzungusha la kushoto mwaka 1963, Frazier akamwangusha kwa lilelile mwaka 1971, na kushoto kwa Tyson ni kukali kuliko kwa Cooper. "Ali alikuwa na tabia ya kurudi nyuma wima, mkono wa kulia umeshuka," akasema. "Tazama tena."

Nimetazama tena. Mkono unashuka kweli. Bado namchagua Ali, kwa sababu kila alipoangushwa aliinuka, lakini raundi nne za kwanza siwezi tena kuzisema kwa uhakika niliokuwa nao, na mzee anangoja jibu langu Jumapili.