Mkwara wa Karata Haupigwi kwa Kila Mtu

Poka tulifundishwa na kijana wa mtaani kwetu, Mkunazini, aliyekuwa akifanya kazi hotelini Nungwi. Sisi barazani tumekulia mchezo wa turufu: pointi 120, mwenye 61 kashinda. Tukajiona hatuna la kufunzwa na mtu. Usiku wa kwanza tu nikafilisika.

Nilifilisika njugu, msije mkanifikiria vyengine. Kamari ni haramu, na wazee wanapita pale wakitoka Isha.

Kilichoniponza ni kumpiga mkwara ami yangu. Kwenye turufu karata zote ulizogawiwa utazicheza, upende usipende. Kwenye poka mtu anaweza kulaza zake akajitoa, na mkwara unaishi hapo tu. Sasa nani atalaza karata kwa kuogopa njugu kumi? Mara tatu nimemtisha nikiwa sina kitu, mara tatu ami kasema, "Haya, funua tuone," huku akiutafuna mtaji wake.

Basi tukaweka sharti: atakayefilisika mwanzo ataosha vikombe vya kahawa. Wallahi, watu wakaanza kulaza karata!

Hapo ndipo nilipojifunza kuwa mkwara ni hadithi, na hadithi huanzia mwanzo. Mfano, karata tatu za kati, zile za kutumiwa na kila mtu pamoja na zake za mkononi, zimefunuliwa, mbili kopa. Mimi nafuata taratibu tu, yaani naweka sawa na alichoweka mwenzangu, kama mtu mwenye kopa mbili mkononi anayengoja ya tatu pale kati atimize tano. Ya nne si kopa, nafuata tena. Ya tano ikitoka kopa, naweka kwa kishindo, na mwenzangu anakumbuka mwendo wangu wote anaamini. Lakini ukiwa umelala muda wote, ukazinduka karata ya mwisho tu, nani atakusadiki?

Hesabu yake nyepesi. Kati pana njugu 20, nikiweka 10 bila ya kitu mkononi, mkwara ukipita, yaani mwenzangu akilaza, mara moja kwa kila tatu sijapata hasara. Nikiweka 20, lazima upite nusu ya mara zote. Kwa hiyo sikuzote siweki rundo kubwa ili nitishe zaidi. Naweka kile ambacho ningeweka ningekuwa nazo kweli.

Na ninaoupenda zaidi ni mkwara wenye akiba. Nina kopa mbili, kati zipo mbili, imebaki karata moja kufunuliwa. Nisizoziona ni 46, kopa ndani yake tisa. Yaani hata nikifuatwa, nina kama nafasi moja katika tano ya kutimiza kopa tano.

Ulimi ndio unaonisumbua bado. Mimi msemaji, ila nikidanganya nanyamaza ghafla, na ami keshaligundua hilo zamani. Jana nikaamua nisikae kimya, nikaanza kusimulia habari za boti ya Pemba huku nikiweka njugu 30. Ami akaniangalia, akacheka. "Funua, mwanangu."

Vikombe vilikuwa kumi na moja.