Upana wa chaneli ya Wi-Fi: tazama unaotumika, si ulioandikwa kwenye boksi

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi ndogo ya wahasibu, ghorofa ya tatu Kariakoo, ambako ruta ilikuwa imepangwa megahezi 40 kwenye bendi ya gigahezi 2.4, lakini hakuna kompyuta iliyovuka megabiti 144 kwa sekunde. Namba hiyo peke yake ilitosha kunionyesha tatizo, kwa kuwa 144 ndicho kikomo cha 802.11n, kizazi cha Wi-Fi kilichotumika pale, kwa mikondo miwili ya data inayorushwa kwa pamoja katika megahezi 20. Kwa megahezi 40 ningeona 300.

Ruta hurusha bikoni, yaani ujumbe mfupi wa kuutangaza mtandao wake, takriban mara 10 kwa sekunde, na ndani ya kila bikoni mna taarifa mbili ambazo wengi wetu huzichanganya: moja hutaja uwezo, yaani upana ambao redio inaumudu, na nyingine hutaja upana unaotumika wakati huo. Draiva ya kompyuta husoma zote mbili, nayo hutaja uwezo wake inapoomba kuunganishwa, kisha mawasiliano hufanyika kwa upana ambao pande zote mbili zinauweza. Simu ya megahezi 80 ikiunganishwa na ruta ya 160, hutumia 80, na hilo si kosa.

Pale Kariakoo hakuna kilichoharibika. Wi-Fi ya ruta iliendeshwa na hostapd, programu ya Linux ya kurusha mtandao, ambayo kabla ya kufungua megahezi 40 kwenye 2.4 husikiliza kama kuna mitandao ya majirani itakayoingiliwa, na ikiikuta hurudi kwenye 20 na kuacha mstari mmoja tu kwenye logi. Majirani walikuwa zaidi ya ishirini. Kwa kuwa mwenye ofisi alisisitiza, nilizima ukaguzi huo, ambao kwenye OpenWrt, mfumo endeshi wa ruta, huzimwa kwa mpangilio uitwao noscan. Kasi iliyoonyeshwa ikapanda hadi 300, na simu za video zikaanza kukatika papo hapo. Bendi hiyo ina nafasi ya chaneli tatu tu za megahezi 20 zisizogongana, 1, 6 na 11, na kila unapoongeza upana maradufu, kelele inayoingia kwenye kipokezi nayo huongezeka kwa desibeli 3. Nilirudisha 20 siku hiyo hiyo, na tangu hapo sijagusa 40 kwenye 2.4 katika jengo lenye watu.

Kasi itafutwe kwenye gigahezi 5. Hapo nako tulikwama kidogo, kwa sababu redio ilikataa kuwaka. Amri ya iw reg get ilionyesha nchi 00, maana yake draiva haikujua iko wapi, hivyo ilijizuia kuanza kurusha kwenye chaneli hizo. Nilipoandika TZ, msimbo wa Tanzania, ikawaka. Nilichagua chaneli 36 kwa megahezi 80, nikaandika pia chaneli ya katikati, 42, kwani hostapd huihitaji. Sikutaka 160, kwa sababu ingefika hadi chaneli 64, na nusu ya eneo hilo hutumiwa pia na rada: ruta hulazimika kusikiliza kwa sekunde 60 kabla ya kurusha, na kuhama mara isikiapo rada.

Ukitaka kuhakiki kwako, kwenye Linux andika iw dev wlan0 link, ukiweka jina la kadi yako, kisha usome mstari wa tx bitrate, yaani kasi ya kutuma, wakati data inapita, maana kifaa kikitulia namba hushuka. Kompyuta za wahasibu zilisoma 866.7 na 80MHz. Printa yao ya zamani, isiyojua bendi nyingine, ilibaki kwenye 2.4 kwa megahezi 20, na inachapa vizuri.